Kikombe kilichoruka dirishani: kwa unayeanza katuni za kompyuta

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa, nikiishi chumba cha kupanga Kondele, Kisumu, ilikuwa ya sekunde 12: mama anainua kikombe cha chai, anapiga funda, anakirudisha mezani. Nikasema jioni moja inatosha. Ilinila siku nne. Kiganja kikigusa tu, kikombe kinaruka hadi nje ya dirisha.

Natumia Blender, programu ya kutengeneza katuni, kwa kuwa ni ya bure. Ukikifanya kikombe mtoto wa mkono, kinaanza kuhesabu mahali pake kutoka mkononi, si tena kutoka katikati ya chumba. Namba ni zile zile, mahali ni pengine. Dawa yake kwenye Child Of, kile kiungo kinachokifunga kikombe kwa mkono, ni kitufe cha Set Inverse, ukibonyeze ukiwa kwenye fremu (picha moja kati ya zile zinazounda mwendo) ile ile ya kushika. Ukichelewa huku mkono umeshasogea, kikombe kitaufuata kwa mbali kama mbuzi aliyefungwa kamba.

Halafu nguvu ya kiungo (Influence): fremu ya 40 iwe 0, ya 41 iwe 1, pasiwe na mteremko katikati. Mimi ile 0 niliiweka fremu ya 20, kikombe kikaanza kujikokota chenyewe mezani. Mteja akaniuliza lini aliagiza katuni ya mizimu.

Kuachia ndiko kunakotesa. Ukirudisha nguvu kuwa 0, kikombe kinarudi kilikokuwa mwanzo. Basi fremu ya 90, kikiwa bado mkononi, weka alama (keyframe) yenye namba zake za zamani, na nguvu ikiwa bado 1. Fremu ya 91 weka kwanza alama ya mahali kinapoonekana kwa macho, ndipo nguvu iwe 0. Blender inakusaidia kwa Visual Transform. Ukiiruka ile alama ya 90, kikombe kitateleza ndani ya kiganja polepole tangu fremu ya 41, nawe utalaumu vidole bure.

Jembe ni kinyume. Linashikwa kwa mikono miwili, kwa hiyo jembe liongoze, mikono ilifuate. Ukiamuru kila kimoja kimfuate mwenzake, programu itazunguka papo hapo na kulalamika.

Hayo ni ya mashine. Mengine nilijifunza Dunga, ufuo wa wavuvi huko Kisumu, nikitazama akina mama wa samaki. Vidole hufunguka mkono ukiwa bado njiani, hujifunga baada ya kugusa. Wakati wa kuweka chini, vidole huachia kwanza, mkono unakaa kidogo, ndipo unaondoka. Na beseni lililojaa haliinuki pamoja na mikono: magoti hukunjwa, mabega yanavutwa chini, beseni lenyewe bado limetulia. Kwa fremu 24 kwa sekunde, mimi huliacha litulie fremu tatu au nne. Likiwa tupu, hata moja ni nyingi.