Wanakwaya Wakimkataa Uliyemchagua: Funzo Kutoka Okestra ya Berlin

Mwalimu mmoja wa kwaya ameniandikia kwamba wanakwaya wake wamemkataa mwimbaji aliyemchagua mwenyewe, naye anauliza kama ajiuzulu au awakazie. Amegusa donda langu, kwa kuwa mimi niliondolewa kwa kura na kikundi nilichokifundisha kusoma noti, ambacho bado kinaimba nyimbo kwa mpangilio wangu bila kunitaja. Tangu wakati huo naisoma historia ya Berliner Philharmoniker, okestra maarufu ya Berlin, Ujerumani, kama wengine wanavyosoma misahafu.

Okestra hiyo ilizaliwa kwa uasi: mwaka 1882 wanamuziki 54 walimwacha mwajiri wao, Benjamin Bilse, aliyetaka wasafiri hadi Warsaw katika mabehewa ya daraja la nne, wakaunda okestra yao wenyewe. Hivyo Hans von Bülow alipoanza kuiongoza mwaka 1887, na baada yake Arthur Nikisch na Wilhelm Furtwängler, wote waliingia katika nyumba yenye wenyewe. Herbert von Karajan, aliyeshika fimbo kwa zaidi ya miaka 30, alijaribu kulisahau hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alitaka Sabine Meyer, mpiga klarineti (ala ya kupuliza), ajiunge na okestra. Wanamuziki wakamkataa, wakidai kwamba sauti ya klarineti yake haichanganyiki na ala zao. Karajan akakazana hadi Meyer akaingizwa kwa majaribio, lakini mwaka 1984 Meyer aliondoka mwenyewe. Uhusiano haukupona. Karajan alijiuzulu Aprili 1989, akafariki Julai, na wanamuziki wakamchagua Claudio Abbado.

Kwa hiyo, mwalimu, usijiuzulu kwa hasira na usimpitishe mtu kwa nguvu. Mwache aimbe nao kwanza, ndipo wapige kura. Nanyi nyote mnaotamani kuongoza, acheni kuomba kupendwa, fanyeni mazoezi! Mei 2015 wanamuziki wa Berlin walikutana kwa takriban saa 11 bila kuafikiana juu ya kiongozi mpya, na mwezi uliofuata wakamchagua Kirill Petrenko, mtu anayekwepa mahojiano na aliyekuwa amewaongoza mara chache tu.

Huyo mwimbaji wako akikataliwa tena, mtafutie jukwaa la kuimba peke yake. Meyer alipotoka Berlin alijijengea jina duniani kwa kupiga solo, wala hakuhitaji kura ya mtu.