Kidole cha mkimbizi kinakaguliwa. Bajeti je?

Mkuu aliyeanzisha uzi huu ameuliza kwa nini fedha za misaada ya wakimbizi zisiwekwe zote kwenye blokucheni, yaani daftari la kidijitali ambalo kilichoandikwa humo hakifutiki, ili kila shilingi ionekane tangu inapotoka kwa mfadhili hadi inapomfikia mtu wa kambi ya Nyarugusu. Wengi wamemjibu kwamba mfumo ukishakuwa wa kidijitali wizi kwisha. Mimi nimefanya kazi ya ugawaji chakula huku Kasulu, kwenye shirika dogo lililopewa kazi na shirika kubwa zaidi. Naomba nitofautiane kidogo na wachangiaji wenzangu.

Asiyewahi kuingia kambini anadhani bado tunaandika kwenye daftari la kaunta. Mashine zipo miaka mingi. Mkuu wa kaya anafika na kadi yake, anaweka kidole, picha inatokea, ukubwa wa kaya unasomeka, anaruhusiwa kupita. Akishapita anapanga foleni ya kuchotewa: unga, njegere, mafuta, chumvi. Kinachochotea ni kopo. Na kopo, wakuu, lina mambo yake. Likibonyea ubavuni linapunguza. Mchotaji akilijaza mpaka juu ni kipimo kimoja, akilipitisha kwa haraka ni kingine. Kwa mtu mmoja huoni tofauti, ila kwa kaya ya watu wanane ni chakula cha siku kadhaa. Kwenye mfumo kaya zote zinasomeka "imepokea", na ripoti inayokwenda juu inasema mgawo umekamilika kwa asilimia mia. Mashine imethibitisha kwamba mama huyu ndiye mwenye kadi. Alichobeba kichwani haikijui.

Kilichotusaidia sisi ni mzani wa kuning'iniza uliowekwa nje ya uzio, pamoja na ubao wa chaki ulioandikwa kilo za kila mtu kwa mwezi huo, kwa Kiswahili na Kirundi. Mtu anatoka, anapima, anasoma ubaoni, akiona pungufu anarudi dirishani na ushahidi mkononi. Wachotaji waliuchukia ule mzani! Baada ya hapo makopo yakajaa vizuri tu.

Halafu kuna suala la vidole vyenyewe. Mtu aliyeshika jembe maisha yake yote, alama zimesagika, mashine inamkataa. Utaratibu unasema msimamizi aandike fomu ya pembeni na kumpitisha kwa saini yake. Upendeleo ulizaliwa humo. Foleni ya mashine ilikuwa safi, ya fomu ilikuwa na wenyewe. Kwa hiyo anayekuletea mfumo mpya muulize kwanza: anayekataliwa na mashine anapita wapi, na nani anahesabu waliopita huko?

Sisemi mashine hazina maana. Majirani zetu Uganda, mwaka 2018, walikuwa wanahesabu wakimbizi wapatao milioni 1.4. Kashfa ya idadi kuongezwa ilipolipuka, maofisa wa Serikali wakasimamishwa, uhakiki wa alama za vidole na macho ukafanyika, ikathibitika ni kama milioni 1.1. Si wote waliopungua walikuwa hewa, wapo waliokuwa wamehama au hawakujitokeza. Hata hivyo, angalieni tuhuma zilimwangukia nani: mwenye kalamu ya orodha. Aliyeitwa kuweka kidole ni mkimbizi.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Teknolojia nyingi ya "uwazi" inatazama chini. Juu kuna giza. Tangu 2008 kuna mpango wa kimataifa unaoitwa IATI ambao wafadhili na mashirika huchapisha humo takwimu za misaada, na Umoja wa Mataifa una mfumo wake, FTS, unaofuatilia fedha za dharura. Ingieni muone. Mfadhili utamwona, na mpokeaji wa kwanza utamwona. Ila fedha ikitoka kwa huyo ikaenda kwa shirika la kimataifa, likatoa kwa la kitaifa, nalo likaajiri watu kama mimi, mara nyingi unapoteza njia. Kila kituo kinakata gharama za uendeshaji. Mimi bajeti ya mradi niliokuwa nautumikia sikuwahi kuiona, na mwenyekiti wa wakimbizi ndiyo kabisa.

Blokucheni yenyewe WFP, Shirika la Mpango wa Chakula la Umoja wa Mataifa, walishaijaribu. Mfumo wao, Building Blocks, ulianza kwa majaribio Pakistani mwaka 2017, ukaenda kambi ya Azraq huko Jordan: mkimbizi ananunua dukani kwa kutazama kamera, mboni ya jicho ndiyo kadi. Ada za benki zilipungua sana, hilo nawapa. Lakini kwa kuanzia daftari hilo lilikuwa mikononi mwa WFP peke yake. Daftari lisilofutika, anayelishika ni mmoja, anayelisoma ni huyohuyo. Uwajibikaji uko wapi?

Mdau mmoja kagusia fedha taslimu. Nyarugusu walianza kuzipata Desemba 2016 badala ya sehemu ya chakula, na mwaka 2017 Serikali ikasitisha. Sababu za usalama na siasa tuziache. Kwa jicho la mgawaji, noti haina kopo: mtu anajua alitakiwa kupata ngapi na amepata ngapi.

Na msisahau hatari ya hizi taarifa. Mwaka 2021 Human Rights Watch, shirika la haki za binadamu, walieleza jinsi taarifa za wakimbizi wa Kirohingya zilizokusanywa na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, pamoja na Bangladesh walikokimbilia, zilivyofikishwa kwa Serikali ya Myanmar, ileile waliyoikimbia. Mrundi wa kambi ya Nduta akisita kuweka kidole, msimwite mkaidi.

Mimi ningedai hivi: mkataba wowote wa mfadhili uwe na sharti kwamba kila shirika kwenye mnyororo, hadi la mwisho, lichapishe kiasi lilichopokea, lilichokata na lilichopeleka, kwa jina la kambi. Kisha takwimu hizo zisomwe redioni kwa lugha za watu. Redio Kwizera ya Ngara ilianza mwaka 1995 kwa ajili ya wakimbizi, na redio ya betri inafika kwa mtu ambaye tovuti haitamfikia kamwe. Namba ya simu ya malalamiko isimamiwe na mtu asiyelipwa na shirika linalolalamikiwa. Yetu ilikuwa ikipokelewa na ofisi iliyopakana na ghala, na mlalamikaji akishajitaja jina, kabla ya jioni wachotaji wanamjua.