Shangazi wa Mizania: Hisa ya 300 yenye "mali" ya 620

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, Morogoro. Nina milioni nne, nusu akiba yangu na nusu mkopo wa SACCOS. Mwenzangu wa idara ya biashara ananishawishi ninunue hisa za kampuni moja (jina nalificha) inayoagiza na kuuza vipuri. Hisa inauzwa shilingi 300. Yeye amepiga hesabu kwenye mizania, ile karatasi ya mali na madeni ya kampuni, anasema kila hisa ina shilingi 620 za mali ya kugeuzwa fedha haraka, majengo na magari hajayagusa. Kwake ni sawa na kuokota pesa. Wasiwasi wangu: kama ni rahisi hivyo, mbona wengine hawajaokota? Nimeambatanisha ukurasa wa mizania.

Marahaba mwanangu. Ukurasa nimeupata, nimekaa nao jioni nzima na kikokotoo changu kile kile ambacho wajukuu wanakicheka.

Kwa faida ya wasomaji wengine: kampuni ina fedha taslimu na za benki bilioni 6, inadai wateja wake bilioni 14, na bidhaa zilizoko ghalani zimeandikwa bilioni 20. Jumla bilioni 40. Madeni ya kulipwa ndani ya mwaka ni bilioni 9. Hisa zote ni milioni 50.

Mwenzako alichukua 40, akatoa 9, akagawanya kwa hisa. Ndiyo 620 yake. Sasa shuka mistari mitano chini, uone kuna mkopo wa benki wa bilioni 5 umekaa kwenye fungu la madeni ya muda mrefu. Huo aliuruka. Siku kampuni ikifungwa, benki haitasema "sisi deni letu ni la muda mrefu, tutangoja". Benki itakuwa ya kwanza mlangoni, tena na hati ya dhamana mkononi. Kwa hiyo unatoa madeni yote, ya leo na ya miaka kumi ijayo, na kama kuna hisa za upendeleo unazitoa pia, maana wenye nazo wanalipwa kabla yako. Madeni ni 9 na 5, kumi na nne. Arobaini toa kumi na nne, inabaki 26. Kila hisa 520.

Hesabu hii si ya mwenzako. Ni ya Benjamin Graham, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Mwaka 1932, soko la hisa la Marekani likiwa limeporomoka, aliandika katika jarida la Forbes kwamba zaidi ya theluthi ya kampuni za viwanda za soko la New York zilikuwa zinauzwa chini ya mali zao za kugeuzwa fedha haraka, madeni yakishatolewa. Mfano wake mmoja siuchoki: White Motor, watengenezaji wa malori wa Cleveland. Desemba 1931 hisa yao iliuzwa dola 7 na senti kidogo. Kampuni nzima, yenye hisa 650,000, ungeinunua kwa dola milioni 4.8. Fedha taslimu na hati fungani (karatasi za mkopo zenye riba) peke yake zilikuwa milioni 8.6, na madeni yake ya karibu hayakufika hata milioni moja na nusu.

Kanuni ya Graham ilikuwa kutolipa zaidi ya theluthi mbili ya hicho kinachobaki. Theluthi mbili ya 520 ni karibu 347. Hisa yako ni 300, imepita. Hapo mwenzako atasema, si nilikwambia?

Mwambie asubiri, kuna kukata kwa mara ya pili. Baadhi ya watu wa masoko wanaita neti-neti. Neti mwalimu unaijua kutoka kwenye karatasi ya mshahara, ni kile kinachobaki baada ya makato. Kwenye neti-neti, kabla hujatoa madeni unaikata mali yenyewe: fedha taslimu unaiacha kamili, wateja wanaodaiwa unawahesabu kwa asilimia 75, bidhaa za ghalani kwa asilimia 50. Majengo, mashine na magari unayapa sifuri.

Basi: 6 ibaki 6. Kumi na nne iwe 10.5. Ishirini iwe 10. Jumla 26.5, toa madeni yote 14, inabaki 12.5. Gawanya kwa hisa milioni 50. Shilingi 250.

Umetoka 620, ukaja 520, umefika 250, na hisa wanakuuzia 300.

Najua utauliza kwa nini bidhaa zikatwe nusu nzima, wakati mkaguzi wa hesabu kazisaini. Mwaka 2004 nilikuwa mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi Tanga. Mwenye duka akafariki, watoto wakaamua kufunga na kugawana. Daftari lilisema stoo ina mali ya milioni 48. Nikaingia stoo na kijana mmoja mwenye tochi, mimi na karatasi zangu. Saruji mifuko sitini, ukiigonga inalia kama jiwe, imeganda yote. Makopo 112 ya rangi ya zambarau, yaliagizwa kwa ajili ya mteja mmoja ambaye hakurudi. Makufuli ya chini yameliwa na hewa ya bahari. Kulikuwa na vitasa vizuri vya shaba, vizuri kweli, ila funguo zake hazikuonekana mpaka leo. Misumari ya bati ndiyo iliyotutoa kimasomaso, iliisha siku mbili karibu kwa bei ya kawaida. Vyote kwa pamoja tulipata milioni 19.

Na wadaiwa? Daftari la mikopo lilikuwa na milioni 11. Tulikusanya saba. Mafundi wa kawaida walilipa, hata kwa mafungu. Waliotusumbua ni wakandarasi wakubwa, na mmoja alinikazia macho akasema, "Hilo deni tulimalizana na marehemu." Utamwuliza nani?

Ndiyo maana asilimia 75 na 50 mimi sizioni kuwa ni ukali. Kwetu Tanga bidhaa zilileta asilimia 40 na wadaiwa 64. Zile za neti-neti ni makadirio ya mtu mwungwana.

Lakini usizitumie kama msahafu. Vipuri si saruji. Beringi iliyofungwa vizuri kwenye kopo lake na mafuta inakaa miaka na bado inauzika, wakati taa ya gari la toleo lililopitwa na wakati ni ya kutupa. Fungua maelezo yaliyoko nyuma ya mizania, yale ya maandishi madogo ambayo mwenzako hakukuletea. Tafuta wadaiwa wamegawanywa vipi: wa siku 30, wa siku 90, wa zaidi ya mwaka. Tafuta ni kiasi gani kati ya hizo bilioni 14 kinadaiwa kampuni ndugu au wakurugenzi wenyewe. Hiyo mimi huiandikia sifuri bila kufikiri mara mbili. Halafu weka taarifa za robo mwaka nne pembeni kwa pembeni uone fedha taslimu inapanda au inashuka. Kampuni inayopata hasara inaila ile 250 yako kila mwezi, na ukingoja mwaka mmoja unaweza kukuta imebaki 180.

Umeuliza mbona wengine hawajaokota. Wakati mwingine ni kwa sababu wanajua jambo usilolijua. Wakati mwingine, hasa kwenye soko letu, ni kwa sababu hisa hizo haziuzwi wala kununuliwa wiki hadi wiki, na mwenye fedha nyingi hataki kuingia mahali ambapo kutoka itamchukua miezi. Muulize dalali wako ni hisa ngapi za kampuni hiyo zilibadilisha mikono mwezi uliopita. Jibu lake litakuambia mengi. Graham mwenyewe alikuwa ananunua kampuni kama hizi kwa kadhaa, makumi, akijua baadhi zitamwangusha. Wewe unataka kuweka milioni nne zote kwenye moja, tena mbili si zako. Za SACCOS zirudishe mwanangu, riba yake haingoji bei ya hisa ipande. Zako mbili, ikishuka mpaka kwenye 170, karibu theluthi mbili ya ile 250, na maelezo ya nyuma yakawa safi, niandikie tena.

Shangazi, salamu kutoka Mombasa. Marehemu baba alituachia hisa za kampuni ndogo ambayo, kwa hesabu zangu, ina fedha benki kuliko bei ya hisa zake zote sokoni. Madeni haina ya maana. Miaka sita sasa gawio ni kiduchu, na kwenye mkutano mkuu watu wanakula sambusa, wanapiga makofi, wanaondoka. Hizo fedha zinatufaa nini?

Pole kwa msiba, dada. Swali lako ndilo ambalo mizania haina jibu lake. Kuwepo kwa fedha kwenye kampuni ni jambo moja, kukufikia wewe ni safari nyingine.

Mwaka 1926, Graham huyo huyo alikuwa akipekua nyaraka za serikali huko Washington, akagundua kwamba Northern Pipe Line, kampuni ya mabomba ya mafuta iliyozaliwa Standard Oil, jitu la mafuta la Marekani, ilipovunjwa mwaka 1911, ilikuwa na hati fungani za takriban dola 95 kwa kila hisa. Hisa yenyewe ilikuwa inauzwa dola 65. Akanunua, akawafuata viongozi akawaomba wagawe ziada. Wakamjibu kama wanavyojibiwa wenye hisa ndogo duniani kote: kama hupendi tunavyoendesha, uza uondoke.

Januari 1927 akapanda treni mpaka Oil City, Pennsylvania, kwenye mkutano mkuu. Humo ukumbini akakuta wafanyakazi wa kampuni, na yeye peke yake kutoka nje. Akasimama atoe hoja. Mwenyekiti akauliza, nani anaiunga mkono? Hakuna. Hakuwa amekuja na mtu. Mkutano ukafungwa dakika chache tu, akarudi New York na karatasi zake.

Mwaka mzima akawatembelea wenye hisa wengine akikusanya fomu za uwakilishi, za kumruhusu apige kura kwa niaba yao. Mkutano wa 1928 alikwenda na wanasheria na kura za kutosha kupata viti viwili kwenye bodi. Mfuko wa Rockefeller, shirika la hisani lenye asilimia 23 ya hisa, hapo mwanzo haukutaka kujiingiza, lakini wiki chache baada ya mkutano uongozi wenyewe ukatangaza mgao wa dola 70 kwa kila hisa.

Kwa hiyo dada, mwaka huu usiende peke yako. Omba kuona rejista ya wanahisa, tafuta wawili watatu wenye malalamiko kama yako, na hoja yenu iandikeni, muipeleke kwa katibu wa kampuni kabla ya mkutano ili iingie kwenye ajenda. Na kabla ya yote, angalia nani mwenye hisa nyingi. Ikiwa familia moja inashika zaidi ya nusu, kura zenu hazitawatikisa, na hapo mimi ningeifananisha fedha hiyo na ya jirani: unaiona, huishiki.

Shangazi, hesabu ya neti-neti naweza kuitumia kwa hisa za benki? Msomaji, Dodoma.

Hapana. Mizania ya benki kwa kawaida haigawanywi kuwa mali za muda mfupi na mrefu, amana za wateja ni madeni, na mikopo waliyotoa ndiyo bidhaa yao. Ukijaribu kukata asilimia 25 ya mikopo, benki nyingi utazikuta zimefilisika kwenye karatasi yako. Vivyo hivyo kwa bima. Na viwanda vya saruji usihangaike navyo kwa njia hii, mali yao kubwa ni tanuri, na tanuri tumeshalihesabu sifuri.