Achaneni na Bendi Kubwa: Spliti Inatoka na Watu

Kuna kijana wa Nakuru aliniandikia juzi, yeye na wenzake wana bendi ya graindikoa (grindcore, ule mchanganyiko wa metali na panki wa kasi na kelele), wamerekodi nyimbo zao kwa chumba cha mmoja wao na sasa wanataka kutoa spliti ya inchi 7, yaani santuri ndogo ya bendi mbili, kila bendi upande wake. Swali lake lilikuwa moja tu, "kaka, tutaipataje bendi kubwa ya majuu ikubali kukaa upande wa pili?" Nimemjibu inbox ila nimeona nilijibu na hapa, maana tangu santuri ya bendi yetu ya hapa Nairobi na wale jamaa wa bendi ya Indonesia itoke na kuisha naulizwa hilo hilo na kila mtu, na kila mtu analianzia hapo hapo, bendi kubwa, bendi kubwa.

Jibu langu ni hili, achaneni na bendi kubwa. Tafuteni watu.

Nasema hivi kwa sababu mambo haya yametupata. Kabla ya Indonesia kulikuwa na bendi ya Ulaya, jina nitaliacha, wanaojua wanajua. Walitusikia Bandcamp, ule mtandao wa kuuzia muziki, wakatuandikia maneno matamu kweli kweli, ati hawajawahi kusikia blasti (yale mapigo ya dramu ya kasi mno) kama hizi kutoka Afrika, ati lazima tutoe kitu pamoja. Mpiga dramu wetu alikuwa anatembea na hiyo meseji akimwonyesha kila mtu. Basi tukaingia studio, tukachukua saa za usiku kwa sababu ndizo za bei nafuu, maikrofoni za dramu tukakodi Luthuli Avenue, tukapiga mpaka alfajiri, mimi sauti ikakauka nikakaa siku kadhaa naongea kama mzee. Nyimbo nane ndani ya dakika tano hivi. Tukatuma. Wakasema safi sana. Kisha kimya. Ukiuliza unaambiwa bado kidogo, ukiuliza tena hujibiwi, halafu siku moja rafiki yetu wa Poland anatutumia picha, santuri yao imetoka, rangi nyekundu, na upande wa pili wamekaa watu wa mji wao wenyewe.

Hakuna aliyetuandikia hata mstari mmoja, mpaka leo. Mtu akibadilisha mawazo si dhambi, wangesema tu, sisi ni watu wazima. Ila nilipotulia nikaelewa kitu ambacho nataka huyu kijana wa Nakuru akielewe mapema, kwamba wale hawakutupenda sisi, walipenda ile habari ya "graindikoa kutoka Afrika". Habari ikizeeka na wewe unazeeka nayo. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuliza wimbo wa tatu unasema nini, au gitaa tumetuni vipi, au mpiga dramu wetu ni nani. Nilipaswa kuulizwa hayo, na wale wa Indonesia walituuliza hayo siku ya kwanza.

Wasee, huu muziki wenyewe ulijengwa hivyo. Napalm Death, bendi ya graindikoa ya Uingereza, walipotoa santuri ndogo pamoja na S.O.B. wa Japani ilitoka kwa Rise Above, ambayo wakati huo ilikuwa lebo changa ya Lee Dorrian, mwimbaji wa Napalm Death mwenyewe. Angalia Agathocles wa Ubelgiji, wale wa mji wa Mol, wapo tangu 1985 na spliti zao hakuna anayezimaliza kuhesabu, wametoa na kila mtu, wanaojulikana na wasiojulikana kabisa, kwao kukaa upande wa pili wa mtu ni kama kumsalimia. Mwaka 1993 walikaa na vijana wa Örebro, Sweden, waliokuwa wameanza bendi mwaka uliotangulia, na hiyo ndiyo ilikuwa santuri ya kwanza ya Nasum. Nasum hao hao ambao baadaye walikuwa miongoni mwa bendi bora za graindikoa duniani, mpaka mwimbaji wao Mieszko Talarczyk alipofariki kwenye tsunami ya 2004 kule Thailand. Nikiisikiliza Nasum huwa nawaza, kama mtu wa Mol angesema "ninyi ni nani, mna wafuasi wangapi", ile njia ingeanza wapi?

Kwa hiyo sisemi bendi yenye jina ni mbaya. Nasema jina siyo kipimo. Kipimo ni kama mtu anajibu barua.

Hawa wa Indonesia tulianza nao kwa kaseti. Tulitoa demo ya mazoezi, wakaandika wakitaka kubadilishana, kaseti zetu kwa zao, bila pesa. Kifurushi chao kilipofika kilikuwa na kaseti, viraka vya kushonea jaketi, karatasi za mashairi yaliyopigwa fotokopi, na barua ya mkono kwa Kiingereza kilichopinda kama chetu, wanaeleza mtaa wao, kiwanda kinachomwaga uchafu mtoni, polisi walivyofunga shoo yao. Ndugu zangu, ile barua ingeandikwa Nairobi ningesema ni ya Mathare. Tukaandikiana muda mrefu kabla hata neno spliti halijatajwa. Lilipotajwa halikuhitaji kujadiliwa.

Sasa pesa, maana najua ndiko mnakotaka nifike. Kulikuwa na enzi Nairobi ilichapa santuri zake yenyewe, benga nyingi ya miaka ya sabini ilitoka kwa kiwanda cha hapa hapa, sisi ilibidi yetu ichapwe Jamhuri ya Cheki. Santuri moja moja haichapwi, kiwanda kinataka kuanzia mia kadhaa, sababu kazi kubwa iko mwanzoni, kuchonga masta (nakala mama) na kutengeneza ile mihuri ya chuma inayogandamiza plastiki, hiyo gharama ni ile ile ukichapa mia ama mia tano. Sisi tulichapa 300 na pesa ilichangwa na lebo ndogo ndogo, ya Ujerumani, ya Cheki, ya Malaysia, na bendi zote mbili tukaweka mkono. Kila aliyechanga alichukua nakala kulingana na alichotoa, bendi zikapata fungu lao la kuuza shoo na kubadilishana. Hakuna mkataba. Kila kitu kiliandikwa kwenye barua pepe moja ambayo wote walijibu "sawa", na hiyo barua pepe ndiyo nawasihi muwe nayo, nani anatoa ngapi, nani anapata ngapi, nani analipa posta. Undugu hauzuii kuandika. Mmechanga pesa, andikeni.

Na mchange kweli! Hapa naona vijana wengi wanaharibu, wanataka lebo ilipe yote halafu wao wapokee maboksi. Ukichanga hata kidogo, siku mtu akitaka kukutoa upande wa pili atakumbuka kuna pesa yako mle ndani. Wale wa Ulaya walituacha kirahisi kwa sababu hatukuwa na chochote mezani zaidi ya nyimbo.

Muda nao, msidanganyane. Februari 2020 kiwanda cha Apollo Masters kule Banning, California, kiliungua chote, na duniani vilikuwa viwili tu vinavyotengeneza zile diski za laka za kuchongea masta, kingine kiko Japani. Baada ya hapo ikaja korona, wasanii wakubwa wakarudi kwenye santuri, na wadogo kama sisi tukasukumwa mwisho wa foleni. Kiwanda kikubwa cha Cheki, GZ Media pale Loděnice, kina njia ya kuchonga moja kwa moja kwenye shaba bila laka, lakini foleni ilikuwa foleni. Subira itawatosha kama mnasubiri pamoja na watu mnaowaamini, la sivyo mtagombana kabla santuri haijafika.

Upande wa sauti nitasema machache. Mjomba wangu alikuwa na santuri za benga za inchi 7, wimbo mmoja ulikatwa mara mbili, sehemu ya kwanza upande wa A, sehemu ya pili upande wa B, yaani gitaa linaanza kupamba moto ndiyo unainuka kugeuza. Sisi kwenye nafasi hiyo hiyo tuliweka nyimbo nane. Nafasi inatosha, lakini msijaze mpaka ukingoni. Kwa mizunguko 45 kwa dakika, upande mmoja ukipita dakika tano hivi sauti inabidi ipunguzwe ili mifereji ienee, na graindikoa ya sauti ndogo ya nini? Halafu kadiri sindano inavyoelekea katikati ndivyo mfereji unavyopita chini yake polepole zaidi, na sauti kali za juu, matoazi hasa, zinaanza kukwaruza vibaya. Kwa hiyo wimbo wenye blasti nyingi uende mwanzo, ule mzito wa polepole ukae mwisho karibu na lebo, ile karatasi ya katikati ya santuri. Tulihamisha nyimbo mbili kwa sababu hiyo tu na tofauti ilisikika kwenye santuri ya majaribio, ile nakala ya kusikiliza kabla ya kuchapa zote. Besi ikae katikati, isiende kushoto wala kulia. Na santuri ya majaribio ikija isikilizeni kwa mashine zaidi ya moja, sisi tulienda nayo mpaka Kenyatta Market kwa Jimmy Rugami, yule wa duka la santuri la Real Vinyl Guru, penye mashine nzuri kuliko zetu. Kati ya rumba na soul ya zamani ikalia ile kelele yetu. Nilijivuna siku hiyo na bado najivuna.

Kwenye ule ukanda mtupu kati ya wimbo wa mwisho na lebo unaweza kuchongewa maneno. Upande wetu uliandikwa "kelele ni zetu", wao wakaandika ya kwao kwa Kiindonesia. Ukiinamisha santuri kwenye mwanga ndiyo unayaona. Watu wengi hawatayaona kamwe na haidhuru.

Zikifika nazo kuna ushuru, na huwezi kuukwepa kwa maneno matamu, kwa hiyo uwekeni kwenye hesabu tangu mwanzo, na mwombe zigawanywe vifurushi vidogo kama mnaweza. Mkianza kutuma kwa wateja, toeni santuri nje ya jalada lake, iwekeni ndani ya karatasi yake nyuma ya jalada, la sivyo huko njiani itapasua kingo za jalada na mteja atawaandikia kwa hasira za haki. Kadibodi ngumu pande zote mbili. Msiache boksi kwa gari juani hata kwa saa moja, plastiki inajikunja na ikishajikunja imekwisha.

Sasa nirudi pale pale, maana najua wengine mmesoma haya yote na bado mnawaza bendi kubwa. Tazameni bendi ya Duma, Martin Khanja na Sam Karugu, vijana wa hapa Nairobi. Albamu yao ya 2020 iliyozungumzwa dunia nzima ilitoka kwa Nyege Nyege Tapes, lebo ya Kampala, safari ya basi usiku mmoja. Khanja aliporudi 2024 kwa jina la Lord Spikeheart alitoa The Adept kwa Haekalu, lebo aliyoianzisha mwenyewe. Hawakukaa wakisubiri mtu awachague, walianza na watu wa karibu wanaowaelewa, kisha wakajenga cha kwao. Sisi ni wadogo kuliko hao, mbali sana, lakini njia ni ile ile.

Na nyie mkishapata upande wenu, msiwafanyie wengine tuliyofanyiwa sisi. Mtu akiwatumia nyimbo, sikilizeni zote. Kama hamzitaki, semeni hamzitaki, wiki hiyo hiyo. Kama mmeahidi na mambo yamebadilika, andikeni, hata kama ni aibu, aibu inapita. Mimi kila bendi inayoniandikia naijibu, hata zile ambazo muziki wao siuwezi, na nitaendelea kuzijibu maana najua kusubiri jibu lisilokuja kunavyomla mtu, unafungua simu asubuhi kabla hata hujanawa uso. Msimfanye mtu hivyo. Huu muziki hauna pesa, hauna redio, hauna wadhamini, kitu pekee ulicho nacho ni neno la mtu, na mtu asiyeshika neno hana tofauti na wale tunaowapigia kelele kwenye nyimbo zetu.

Sisi tuna nyimbo mpya tayari na upande mmoja uko wazi. Ningependa sana safari hii ukae na watu wa huku kwetu, Mombasa, Dar, Kampala, Goma, popote. Nataka dramu zinazopigwa na binadamu, dakika tano zisizidi, mashairi kwa lugha mnayoota nayo usiku. Nitumieni rekodi hata ya simu pamoja na mistari michache mnieleze ninyi ni akina nani na mnapigia wapi mazoezi. Idadi ya wafuasi msiniandikie, siihitaji. Kuchanga tutachanga nusu kwa nusu, na nitawajibu.