Maswali na majibu: Maji moto wa kale wa Mfangano

Tangu safu hii imtaje Oecophylla leakeyi, sisimizi aliyetoweka ambaye masalia ya kundi lake zima yalipatikana kisiwani Mfangano, Ziwa Viktoria, upande wa Kenya, wasomaji wameniandikia kwa wingi. Haya ni baadhi ya maswali yao. Mengine yanafanana, kwa hiyo nimeyajibu pamoja.

Mimi ni mzaliwa wa Mbita, Mfangano naiona kila ninapotoka nje. Huyu sisimizi ni wa namna gani hasa, na ni wa lini? (Msomaji, Mbita)

Ni ndugu wa maji moto, wale wekundu wanaoshona majani ya mwembe au mkorosho wakayafanya nyumba. Jenasi ni moja, spishi ndiyo tofauti. Aliishi zama za Miosini, yapata miaka milioni 18 iliyopita. Ziwa unaloliona leo halikuwapo kabisa. Palikuwa na misitu kandokando ya volkeno kubwa iitwayo Kisingiri, ambayo mabaki yake ndiyo vilima vya upande wenu. Mawe ya zama hizohizo, ya Mfangano na kisiwa jirani cha Rusinga, yametupa pia mifupa ya Ekembo, jamaa wa kale wa sokwe na binadamu. Fuvu lake maarufu mtafiti Mary Leakey alilipata Rusinga mwaka 1948.

Visukuku vya sisimizi, yaani masalia yake yaliyogeuka jiwe, vilitokana na kazi ya Louis Leakey, mumewe Mary, na wenzake. Walioviainisha ni Edward O. Wilson wa Chuo Kikuu cha Harvard na Robert Taylor, nao walitoa maelezo yao mwaka 1964. Jina la spishi linamuenzi Leakey.

Sisimizi hana mfupa. Imekuwaje asioze? (Msomaji, Kisumu)

Shukuru Kisingiri. Volkeno nyingi hutoa majivu ya kawaida, lakini hii ilitoa majivu yenye madini mengi ya chokaa. Majivu hayo yalipofunika majani, matunda na wadudu, maji yaliyopenya ndani yake yalibeba chokaa, na chokaa ikaganda katika mwili wa mdudu kabla haujaharibika wote. Ndiyo maana wadudu na mbegu za eneo lile hupatikana wakiwa na umbo lao kamili, wana unene na mviringo, hawakubanwa wakawa alama tu juu ya jiwe. Ni uhifadhi wa nadra sana duniani, na ningependa watoto wa Homa Bay wausome shuleni kabla ya kusoma habari za visukuku vya mbali.

Umeandika kwamba ni "kundi zima". Wanajuaje kwamba hawa hawakufa mmojammoja wakakusanywa na mvua? (Mwalimu wa biolojia, Morogoro)

Mwalimu, hapo ndipo penye uzito wa habari yote.

Visukuku vingi vya sisimizi duniani ni vya mdudu mmojammoja. Ama ni mfanyakazi aliyenasa katika utomvu ambao baadaye uligeuka kaharabu, ama ni malkia au dume mwenye mbawa aliyeanguka ziwani siku ya kuruka. Mdudu kama huyo hutueleza umbo lake, hatuelezi aliishi na nani wala nani alifanya kazi gani.

Mfangano walipatikana wafanyakazi wakubwa, wafanyakazi wadogo, mabuu na pupa (buu aliyetulia akigeuka kuwa sisimizi kamili), wote mahali pamoja. Buu hana miguu, hatembei akatoka kiotani. Pupa ndiyo kabisa. Ukiwakuta wamechanganyika na sisimizi waliokomaa namna hiyo, maelezo ya kuaminika ni kwamba kiota kilianguka na kufunikwa kikiwa na wenyewe ndani.

Kisha Wilson na Taylor wakawapima. Miili ya wafanyakazi iligawanyika katika makundi mawili, wakubwa na wadogo, wa katikati wakiwa wachache. Maji moto wa leo wako hivyohivyo. Wakubwa huwinda, hulinda mti na kushona majani. Wadogo hubaki ndani wakilea watoto. Mgawanyo wa kazi haugeuki jiwe, lakini mgawanyo wa ukubwa unapimika, na hapa unafanana na wa maji moto walio hai.

Kuna jambo la tatu, nami ndilo linalonivutia kuliko yote. Pupa wale walikuwa uchi, hawakuwa na vifukofuko vya hariri. Kwa maji moto wa leo tunajua sababu yake. Wafanyakazi hushikana kiunoni wakafanya mnyororo, wakavuta kingo za majani mpaka zikutane. Wengine huleta mabuu mdomoni na kuwapitisha huku na huku kwenye mshono, buu akitoa hariri inayogandisha majani. Hariri ambayo buu angejifumia mwenyewe yote huishia katika nyumba ya jamii, naye hukua bila kifuko. Pupa walio uchi wa Mfangano ni dalili kwamba desturi hiyo ilikwishakuwapo miaka milioni 18 iliyopita. Sijui kisukuku kingine cha mdudu kinachosema mengi hivi kuhusu maisha ya pamoja.

Kwa hiyo maji moto wetu ni wajukuu zake? (Msomaji, Tanga)

Huenda wakawa, huenda wakawa ni wa ukoo wa pembeni. Kisukuku hakiji na hati ya kuzaliwa. Leo zimebaki spishi mbili tu: Oecophylla longinoda ya Afrika, na Oecophylla smaragdina inayoanzia Asia ya kusini hadi Australia kaskazini. Zamani zilikuwa nyingi zaidi na zilienea mbali. Ujerumani, kwenye mawe ya Messel na Eckfeld, wamepatikana maji moto wa zama za Eosini, zilizotangulia Miosini, wakati Ulaya ilikuwa na joto na misitu ya kitropiki. Kaharabu ya Baltiki na ya Sicily nazo zina wa kwao. Ulaya ilipopoa walitoweka huko. Afrika na Asia waliendelea.

Ndiye sisimizi mkongwe kuliko wote? (Msomaji, Nairobi)

Hapana, wala hakaribii. Sphecomyrma freyi, aliyepatikana ndani ya kaharabu huko New Jersey, Marekani, na kuelezwa mwaka 1967, ana zaidi ya miaka milioni 90. Mwaka 2025 alielezwa mwingine kutoka Brazili, Vulcanidris cratensis, wa miaka milioni 113 hivi.

Nina mikorosho Mkuranga. Hawa ndugu zake wananiuma kila ninapopogoa, na jirani ananiambia nichome viota. Unashaurije? (Mama mkulima, Mkuranga)

Mama yangu, usichome. Maji moto ni walinzi wa mti. Huwafukuza na kuwala wadudu wanaofyonza machipukizi, akiwemo mbu wa mikorosho, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wamewafanyia majaribio kwa ajili hiyo kwenye mikorosho na miembe. Zanzibar jambo hili linajulikana tangu miaka ya 1950, mtafiti M. J. Way alipoonyesha kwamba minazi yenye maji moto ilinusurika na kunguni anayefyonza vidaka mpaka vinapukutika. Kunguni huyo mpaka leo anaitwa kwa jina lake, Pseudotheraptus wayi.

Adui yao mkubwa ni sisimizi wadogo wa ardhini wenye vichwa vikubwa, ambao huwazuia kushuka na kuhamia mti mwingine. Ukiwa na miti ambayo matawi yake yanagusana, au ukifunga kamba kutoka mkorosho mmoja hadi mwingine, maji moto watapita juu bila kukanyaga chini. Upogoaji ufanye asubuhi mapema kukiwa na ubaridi, ukivaa mikono mirefu. Na dawa ya wadudu ukiipuliza ovyo, utawaua wao pia.

Nataka kwenda Mfangano likizoni nikatafute visukuku. Inaruhusiwa? (Mwanafunzi, Mombasa)

Kwenda, nenda, kuna boti kutoka Mbita, na kisiwa ni kizuri. Kuokota, usiokote. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu makumbusho na urithi inalinda visukuku, na uchimbaji unahitaji kibali. Sababu si sheria peke yake. Kundi la Mfangano lina maana kwa kuwa lilikutwa likiwa pamoja. Lau mtu angechukua pupa wawili akaweka mfukoni na mwingine akachukua wafanyakazi watatu, tungebaki na visukuku vichache vya sisimizi wasio na habari. Ukiona kitu kinachofanana na mdudu au jani kwenye jiwe, kiache palepale, kipige picha pamoja na mazingira yake, andika mahali ulipo, kisha wajulishe Makumbusho ya Taifa ya Kenya.