Ukisikia kelele tupu: jibu la fundi redio wa Mwanjelwa

Mkuu uliyeanzisha uzi huu kutoka Iringa, umeuliza jambo ambalo wengi hulipita kwa kicheko. Umepakua albamu ya Merzbow, msanii wa Japani wa muziki wa kelele, ya mwaka 1996 iitwayo Pulse Demon, ukaipiga kwenye sabufa ya sebuleni, ukaona ni kelele tupu. Sasa unataka kujua sisi tunaoupenda muziki huo tunasikia nini, na kama si mambo ya kuwaiga Wazungu tu. Nitajibu kama fundi redio wa Mwanjelwa hapa Mbeya, kwa kuwa kazi hii ndiyo iliyonifikisha huko.

Nianze na sabufa, maana naiona ina makosa kuliko masikio yako. Sabufa nyingi zinazouzwa madukani kwetu zimetengenezwa zitikise besi, huku spika ndogo za pembeni zikiachiwa sauti za kati na za juu bila nguvu ya kutosha. Katika muziki wa kelele, mambo mengi hutokea hukohuko kati na juu: tabaka moja linakwaruza, jingine linapiga mluzi, la tatu linakatika na kurudi. Ukifungua besi hadi mwisho, matabaka hayo yote yanafunikwa na mngurumo mmoja. Faili nalo lina lawama yake. Wengi tunabana bando, hivyo tunachagua ubora wa chini kabisa. Lakini MP3 hupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa sauti ambazo inadhaniwa sikio halitagundua zikiondolewa, na kelele iliyojaa masafa yote kwa wakati mmoja ni miongoni mwa sauti zilizo ngumu kabisa kubanwa kwa njia hiyo. Kinachobaki huwa na sauti ya majimaji, kama redio iliyozama kwenye ndoo, ambayo msanii hakuiweka. Tafuta MP3 ya kbps 320, au FLAC (faili lisilotupa sauti yoyote), shusha besi, vaa hedifoni za kufunika masikio, hata ziwe za bei ya kawaida.

Ukishafanya hivyo, acha kuingoja melodi. Mimi huchagua sauti moja, tuseme ule mluzi mwembamba wa juu kabisa, nikaufuata hadi upotee, kisha nikashika nyingine. Ndivyo ninavyofanya hata nikiletewa amplifaya yenye kasoro: kwanza naitenga ile sauti ya umeme, ambayo hapa nchini ni hezi 50 na mara nyingi huambatana na ya 100, halafu mchakacho wa kitufe cha sauti kilichoingia vumbi, halafu mkwaruzo wa waya uliolegea. Wateja wanaonikuta nikisikiliza haya hudhani redio ya mezani imeharibika, na mmoja aliondoka na yake akaipeleka kwa fundi wa jirani.

Jambo lililonivuta zaidi ni mluzi wa maiki, ule unaomfanya mchungaji akunje uso ibadani. Sauti inatoka kwenye spika, inaingia tena kwenye maiki, inakuzwa, inatoka upya. Mwaka 1975 Lou Reed wa Marekani aliyaacha magitaa yake yapige mluzi huo mbele ya amplifaya, akajaza pande nne za sahani mbili za santuri, na akaitoa kwa jina la Metal Machine Music. Toshimaru Nakamura wa Japani hana hata gitaa: huchomeka waya kutoka tundu la kutolea sauti la miksa hadi tundu la kuingizia la miksa ileile. Nimejaribu kwa miksa ndogo ya njia nne. Kitufe cha sauti za juu kikisogezwa kidogo sana, mluzi hauongezeki taratibu. Unaruka ghafla hadi sauti nyingine, na ukiendelea kuongeza nguvu unaanza kukatika wenyewe kwa mapigo, kana kwamba kuna mtu anapiga ngoma ndani. (Fanya hivyo sauti ya spika ikiwa chini, la sivyo utaunguza twita, yaani spika ndogo ya sauti za juu.)

Kuhusu Wazungu, Merzbow mwenyewe ni Masami Akita wa Tokyo, aliyeanza mwaka 1979. Kabla yake sana, mwaka 1944, mtunzi wa Misri Halim El-Dabh alirekodi sauti za zari, sherehe ya kupunga pepo, jijini Cairo kwa mashine iliyonasa sauti kwenye waya wa chuma, akazichezea studioni kwa mwangwi. Ilikuwa miaka minne kabla mtunzi Mfaransa Pierre Schaeffer hajatoa kazi zake za kelele kwenye redio ya Ufaransa. Na ilimba ya Wagogo, ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, iliyosambazwa duniani na marehemu Hukwe Zawose, huwekewa utando wa buibui kwenye tundu lake ili kila noti itoke na mvumo kama wa nyuki. Hata singeli ya Dar es Salaam, yenye mapigo 200 hadi 300 kwa dakika, inahitaji sikio gumu kuliko baadhi ya vitu vya Wajapani.

Kwa kuanzia, nakushauri kazi ya Schaeffer ya mwaka 1948 iliyotengenezwa kwa sauti za treni za stesheni ya Batignolles, Paris. Haifiki dakika tatu. Kabla ya kuisikiliza, nenda stesheni ya TAZARA ukifika Mbeya, usimame treni ya mizigo inapoondoka: kila behewa linavutwa na lililo mbele yake, na mgongano wa vyuma unakimbia kutoka kichwa hadi mkia, ukikupita ulipo. Baada ya Schaeffer, mtafute mtunzi wa Marekani John Cage, ambaye mwaka 1951 aliandika kazi ya redio 12 na watu 24, mmoja akitafuta masafa na mwenzake akipandisha na kushusha sauti. Sisi tuliokua tukihangaika na masafa mafupi tunaielewa upesi. Merzbow asubiri.

Na usipige kwa sauti kubwa. Kiwango kinachotumika sana makazini ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila zinapoongezeka 3 muda huo hupungua kwa nusu, kwa hiyo desibeli 100 zinakupa dakika 15 tu. Masikio yakikuvumia baada ya kuvua hedifoni, siku hiyo imetosha.