Joto la majitaka: pima kwanza, pampu baadaye

Maji ya kuogea, kufulia na kuoshea vyombo huingia kwenye mfereji yakiwa bado na uvuguvugu. Jijini Vancouver, Kanada, tangu 2010 kituo kilicho chini ya daraja la Cambie huvuna joto hilo na kulipeleka kwa mabomba kwenye majengo ya False Creek. Ukipewa kazi katika mradi wa aina hiyo, anzia kwenye chemba, si kwenye katalogi ya pampu za joto, yaani mashine za umeme zinazochukua joto dogo na kulipandisha.

Funga kipima mtiririko na kipimajoto, uviache majira yote ya baridi, vikirekodi kila dakika 15. Wastani wa siku utakudanganya. Kati ya saa 8 na saa 11 usiku watu wamelala na mtiririko hushuka sana. Ama utapanga uwezo wa pampu kwa saa hizo, ama utajenga tangi la kutunza joto. Mfereji unaopokea pia maji ya mvua una tatizo la ziada: theluji ikiyeyuka, majitaka hupoa ghafla.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Lita 1 kwa sekunde ikipozwa nyuzi 5 hutoa kilowati 21, kwa hiyo lita 50 hutoa takriban 1,050. Pampu inayotoa joto mara 3 ya umeme inaotumia itaongeza kilowati 525 za umeme, na mtandao wa mabomba ya wateja utapata 1,575. Kabla ya kupoza zaidi ya hapo, zungumza na wahusika wa mtambo wa kusafisha majitaka, kwa sababu bakteria wanaoondoa amonia huzorota maji yanapokuwa baridi. Usinunue pampu ya kubeba kilele chote cha mahitaji. Siku za baridi kali kabisa ni chache, ziachie boila.

Kazi ngumu iko kwenye kibadilisha joto, kifaa kinachopitisha joto la majitaka kwenda kwenye maji safi bila kuyachanganya. Nywele, mafuta na vitambaa vya kupangusia watoto huziba njia nyembamba, kwa hiyo weka chujio linalojisafisha mbele yake na uchague njia pana. Hata majitaka yaliyochujwa huacha ute wa bakteria, na ute mwembamba tu unatosha kupunguza joto linalopita. Fuatilia tofauti ya joto kati ya majitaka na maji yanayotoka upande wa pili: ikipanuka ilhali mtiririko haujabadilika, osha. Panga vibadilisha joto viwili sambamba ili kimoja kioshwe kingine kikifanya kazi. Shaba haifai hapa, maana salfidi hidrojeni na amonia huila. Tumia chuma kisichoshika kutu. Gesi hiyo ya salfidi huua, na ikizidi pua huacha kuinusa. Mtu asishuke chemba bila kipima gesi, feni ya hewa na mwenzake juu.

Upande wa wateja, linda joto la maji yanayorudi. Kila nyuzi unayolazimika kupandisha kwenye maji yanayotoka kituoni hula umeme wa kompresa ya pampu, na maji yakirudi ya moto pampu haina nafasi ya kufanya kazi yake. Mara nyingi chanzo ni valvu ya mchepuo, inayorudisha maji ya moto bila kuyatumia, iliyoachwa wazi katika jengo moja. Soma mita ya joto ya kila jengo, linganisha joto la kurudi, na uanze na lile lenye namba kubwa.